Pikipiki Imeshonwa kwa Mwili wa Nani?

Kila chombo cha kupanda ni vazi. Fundi wa kanzu hatii mkasi kwenye kitambaa mpaka ameuzungusha utepe mabegani na kifuani mwa mtu, na muunda jahazi hachongi mkuku mpaka ameambiwa chombo kitachukua nini na kitapita maji ya namna gani. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Kuna mtu aliyekaa mezani na kalamu yake akaamua kiti kiwe juu au chini, miguu iwe mbele au nyuma, injini ivute mapema au ikawie. Alipokuwa akiamua, alikuwa na mwili wa mtu fulani machoni mwake, na nguo za mtu huyo, na barabara yake. Ndugu msomaji, leo nataka tuulizane mwili huo ulikuwa wa nani, maana sisi watu wa Malindi na Kilifi tunakipanda chombo hiki kila siku, na mama zetu na binti zetu wanakipanda kuliko sisi.

Jina lake tulilipa wenyewe. Watu wa pwani walikisikia kikipita wakakiita kwa sauti yake: pikipiki. Wengine walisikia tukutuku, na huko Kongo mpaka leo ni tukutuku. Neno bodaboda lilikuja baadaye kutoka mpaka wa Busia, ambako vijana walivusha watu kwa baiskeli baina ya Kenya na Uganda, na lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwenye pedali kwenda kwenye petroli. Mwaka 2008 serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, mlango ulifunguka, na tangu hapo hapana kijiji baina ya Mtwapa na Marereni kisichokuwa na kituo chake chini ya mwembe au mkanju.

Tazama vijana wanavyozipamba. Hendeli zimevishwa nyuzi za rangi zinazopepea, vioo vya kutazamia nyuma vimeinuliwa kama pembe za kulungu, kiti kimefunikwa kwa ngozi ya bandia yenye misumari ya kumetameta, na mbele pamefungwa kinga ndefu ya upepo. Madoido haya hayakutoka Pune, India, yaliko makao ya kampuni inayounda Boxer. Yametoka mbali zaidi, kwenye pikipiki ambayo wengi wa vijana hawa hawajapata hata kuigusa: ile kubwa ya Kimarekani, ndefu, ya kulala chini, ambayo huko kwao huitwa kruza, jina lile lile tunalolijua kwenye magari ya Toyota. Ni chombo cha kusafiria kwa madaha. Sulutani wa pikipiki ni Harley-Davidson, iliyoanzishwa mjini Milwaukee mwaka 1903 na akina Davidson na rafiki yao William Harley. Ukitaka kuifahamu Boxer ya Malindi, anza na kruza, kwa kuwa moja ndiyo ndoto na nyingine ndiyo mkate.

Kruza ya asili ina injini ya silinda mbili zilizopanuka mfano wa vidole viwili, baina yake digrii 45. Pistoni zote mbili zimeshikwa na kiungo kimoja katika krenki. Hapo ndipo siri ya sauti yake. Silinda ya kwanza ikishalipuka, ya pili hufuata baada ya krenki kuzunguka digrii 315. Kisha ya kwanza hungoja digrii 405 ndipo ilipuke tena. Kwa hiyo haipigi sawasawa. Hupiga mbili za karibu, ikanyamaza kidogo, ikapiga tena mbili. Sisi tuliozoea ngoma twaijua hali hiyo: ni mpigaji wa vumi anayekawiza mkono wake kusudi, nawe mguu unabaki hewani ukingoja. Kampuni yenyewe iliithamini sauti hiyo hata ikaomba mwaka 1994 isajiliwe kuwa mali yake, kama mtu anavyosajili jina la duka. Washindani wakapinga, na mwaka 2000 ikaliondoa ombi lake. Mimi niliye mtu wa mizani, silaumu hata kidogo kwamba mtu alitaka kumiliki mdundo. Nashangaa tu kwamba aliamini mdundo unamilikika.

Injini ya namna hii haikuundwa kwa mbio. Pistoni zake ni nzito na mwendo wake ni mrefu, kwa hiyo nguvu ya kuvuta huja mapema, mashine ikiwa bado inanguruma taratibu, na dereva hana haja ya kubadilisha gia kila mara. Ile injini iliyotoka mwaka 1984, ya sentimita 1,340 za ujazo, ina silinda mbili, na kila silinda peke yake inameza zaidi ya injini nne za Boxer. Uma wa mbele umelazwa, gurudumu limekwenda mbali na dereva, na umbali wa gurudumu hadi gurudumu ni mkubwa. Wanamaji watanifahamu nikisema ni chombo chenye mkuku mrefu: katika bahari wazi kinashika njia yake hata ukiwa na usingizi, lakini ndani ya mlango wa Mida kugeuka kwake ni dhiki. Kiti kiko kiasi cha sentimita 65 tu kutoka chini, kwa hiyo hata mtu mfupi anakanyaga ardhi kwa unyayo mzima, na miguu ikishainuliwa inanyooshwa mbele kama mzee barazani. Uzito wake hupita kilo 300. Imekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja mwenye nafasi na fedha, na barabara ya lami iliyonyooka kutoka macheo hadi machweo.

Hata urembo wake una hila. Mwaka huo huo wa 1984 walitoa aina ya Softail, ambayo ukiitazama utasema haina shokomzoba nyuma, ni chuma kitupu kama pikipiki za zamani kabla ya vita. Shokomzoba zipo, zimefichwa chini ya sanduku la gia. Walijua mnunuzi anataka macho yaone ukale na mgongo upate usasa. Wajapani nao hawakukawia: Yamaha ilitoa Virago mwaka 1981 na Honda ikatoa Shadow mwaka 1983, nao wakalaza uma na kushusha kiti, ingawa waliotia chumvi mapishi yale walikuwa wengine. Na nikiwa hapo hapo kwenye madoido, nitaje jambo moja ambalo wapambaji wetu walifaa kulijua. Zile pikipiki ndefu za filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, zilizowatia wazimu vijana wa dunia nzima, zilibuniwa na kuundwa na watu weusi wa Los Angeles, Clifford Vaughs na fundi Ben Hardy. Majina yao hayakutajwa katika filamu. Sura za waliopanda zilibandikwa kila ukuta. Mikono iliyounda ilikaa gizani miaka mingi.

Basi mchukue huyo sulutani umlete kwetu. Mtoe Mtwapa asubuhi, avuke daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991 badala ya feri tuliyokuwa tukiingojea Mnarani juani, apite Tezo, Matsangoni na Gede, aingie Malindi. Kwenye lami atafurahi, na watoto watamkimbilia. Lakini mwambie sasa aache lami aende Bamba, au Jilore, au ndani ya mchanga wa Ngomeni. Tumbo litasugua mawe. Kwenye mchanga ule uma uliolazwa utamburura anakotaka wenyewe. Na akisimama saa saba mchana katikati ya tuktuk mbele ya soko la Malindi, silinda ya nyuma, isiyopata upepo, itamchoma paja.

Boxer itapita kwingi humo. Ile ya kawaida ina silinda moja ya sentimita 145 za ujazo hivi, nguvu za farasi kama 12, na uzito wa kilo zipatazo 120, hata ikikwama kijana huinyanyua. Damu yake ni ya Kijapani kwa upande mmoja, kwa sababu Bajaj ilishirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980. Hupozwa kwa upepo tu, haina maji ya kuvuja. Na jambo la ajabu ni kwamba katika tabia moja kubwa Boxer ni ndugu wa Harley: nayo huvuta mapema, mashine ikiwa katika mzunguko wa chini, na ndiyo sababu inapanda kilima cha Kilifi na magunia mawili ya mahindi bila kulia. Aliyeichora alijua kwamba itachukuzwa. Kiti ni kirefu, keria ni ya chuma, tumbo liko juu ya mawe. Kwa mizigo, basi, tulipimwa, ama walipimwa wenzetu wa India wenye dhiki kama yetu. Imepakia madafu, matenga ya samaki, vitanda na milango ya mvule. Imewafikisha hospitali usiku wa manane wajawazito kutoka vijiji vya Ganze ambavyo gari halikuwahi kulala. Mimi siikejeli bodaboda, na sipendi kusikia ikikejeliwa na watu wenye gari.

Upungufu wake wa kwanza ni chumvi. Kaskazini ya Sabaki, kuanzia Gongoni kwenda Marereni, kuna mashamba ya chumvi, na upepo wa kusi hauchagui chuma. Rimu huota kutu, nyaya hushikana, ekzosi hutoboka. Lakini chumvi mafundi wetu wameizoea, wanaipaka oili chafu na wanasonga. Upungufu wa pili ndio ulionifanya nishike kalamu.

Simama kituoni saa mbili asubuhi uhesabu wanaopanda. Anakuja mama amevaa buibui, mwingine amejifunga leso mbili, ya tatu amembebea mtoto. Hawa hawapandi mguu huku na mguu huku. Wanakaa upande, miguu miwili pamoja, kwa stara na kwa sababu vazi lenyewe haliruhusu vingine. Wanaelekea kushoto, ambako ndiko ukingo wa barabara tunaoushika, na wanafanya vizuri, maana kulia iko ekzosi na inaunguza. Lakini kushoto ndiko uliko mnyororo, na ndiko spoku za gurudumu zinakozunguka wazi. Kifuniko cha mnyororo kikishavunjika ni nadra kurudishwa. Upindo wa buibui unapeperuka, unalambwa na gurudumu, na kufumba na kufumbua mtu ameangushwa kwa mgongo. Si mara moja nimehudhuria hitima ambapo kisa kilikuwa ni hicho hicho: nguo. Na kisigino cha mtoto kilichoingia kwenye spoku, muulize muuguzi yeyote wa zamu.

Watu hulisema jambo hili kama kwamba ni ajali ya vazi. Husemwa: wanawake wavae suruali, au wakae kama wanaume. Sheria nayo iko upande huo. Mwingereza anataka abiria wa pikipiki akae amepanua miguu, na Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, imefuata njia yake. Alipoiandika alikuwa akimtazama mtu wa kwao mwenye suruali. Tumeongeza baadaye kofia ngumu na koti la kung'aa, na abiria asizidi mmoja, yote ni mema. Lakini sijapata kumsikia askari hata mmoja barabarani akiuliza gurudumu limefunikwa na nini. Sheria imekikumbuka kichwa, upindo haikuukumbuka.

Sasa sikiliza wenye pikipiki yenyewe wanavyofanya kwao. India ina mamilioni ya wanawake wanaovaa sari, nao hukaa upande kama wetu. Katika kanuni zao za magari za mwaka 1989, kanuni ya 123 inasema pikipiki yoyote yenye nafasi ya abiria lazima iundwe na mshikio wa kudumu, mahali pa kuwekea miguu, na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Hawakumwambia mwanamke abadilishe sari. Waliiambia pikipiki ibadilike. Ile kinga ni wavu wa vyuma vyembamba tu, umefungwa kushoto, na mwingine huongezewa kikanyagio cha miguu miwili pamoja. Chombo ni kimoja na taifa lililokichora ni moja. Zinazofika vituoni kwetu, nyingine nimeziona na wavu wake, nyingine unaona alama za skrubu pale ulipong'olewa ili kufunga keria pana zaidi, na nyingi hazina alama wala wavu.

Wala si Wahindi peke yao waliofikiri hivi. Hapa Malindi Wataliano tunawajua tangu walipokuja na mradi wao wa San Marco katika miaka ya 1960, wakarusha satelaiti kutoka Ngomeni. Huko kwao mhandisi wa ndege aliyeitwa Corradino D'Ascanio aliambiwa na kiwanda cha Piaggio achore chombo cha magurudumu mawili. Pikipiki zenyewe hakuzipenda: zilichafua nguo na kumtaka mtu arushe mguu. Akaificha injini chini ya kiti, akaacha uwazi mbele mwanamke mwenye sketi aingie kama anaingia mlangoni, akaweka ngao mbele ya magoti. Ndiyo Vespa ya mwaka 1946, ambayo mpaka leo utaiona ikipita vichochoro vya Unguja na bibi mwenye buibui juu yake, ametulia. Miaka 12 baadaye Honda ilitoa Cub yake, nayo ina uwazi ule ule na ngao ile ile. Nikiwa mwanafunzi wa chuoni, mapaja yakiwa na alama za mkeka, Honda ndogo za namna hiyo ndizo zilizopita mtaani kwetu, na wazee wenye kanzu walizipanda bila kuzikunja kanzu zao mpaka kiunoni. Hao walikwisha kupimwa. Ni sisi wa zama za Boxer tuliorudi nyuma.

Niliandika ubeti mmoja juu ya jambo hili, nao ni huu:

Fundi aliyeiunda, hakufika kwetu pwani,
Mama amekwisha panda, leso i mnyororoni,
Gurudumu likienda, lamvuta hadi chini,
Wavu tu ungemlinda, bei yake kitu gani?

Na bei yenyewe niliiendea. Fundi wa kuchomelea vyuma, pale nyuma ya soko, alichukua vipande vya nondo nyembamba vilivyobakia kwenye dirisha la mtu, akavipinda juu ya goti, akavichomelea vinne vya kusimama na viwili vya kulala, akaufunga wavu kwa skrubu za keria. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Kijana mwenye pikipiki alilalamika kwamba imepunguza sura ya pikipiki yake, na nikamwelewa, kwa kuwa ndoto yake ni ile kruza ya Marekani iliyo wazi spoku zote zikimeta. Lakini siku ile ile akina mama wawili walimpita mwenzake aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni wakamwendea yeye, na malalamiko yakapungua.

Zinakuja sasa pikipiki za betri. Kampuni ya Roam ya Nairobi ilitoa yake mwaka 2022, nyingine zinafuata, na zitateremka pwani zikiwa kimya kabisa, hata jina pikipiki litabaki bila sauti iliyolizaa. Sisi washairi tutalia kidogo. Faida ni kwamba hizi zinachorwa na kuunganishwa hapa hapa nchini, na aliye na kalamu hayuko Milwaukee wala Pune. Yuko umbali wa safari moja ya basi. Mtu huyo aletwe kituoni Malindi siku ya Ijumaa kabla ya swala, akae juu ya gogo na utepe wake, apime. Shirika la Viwango lililo na mamlaka ya kusema taa iwe hivi na breki ziwe vile, liandike na hili: pikipiki ya abiria isitoke dukani bila wavu kushoto, kifuniko cha mnyororo kizima, mshikio, na kikanyagio cha miguu miwili. Bunge lenye kukifanyia marekebisho kifungu kila mwaka likitazame na hiki kinachomtaka mama wa Mambrui akae kama askari wa farasi. Na waheshimiwa wa kaunti, wanaogawa kofia na makoti kila uchaguzi unapokaribia, safari hii wagawe nyavu. Mafundi wa kuzichomelea wanao hapo hapo Kilifi, Mtwapa na Malindi, na nondo zipo.